Toleo la Kwanza ni Lipi Hasa? Vitabu vya Mashairi ya Vita na Utata wa Bei Zake

Kila nyumba ya mnada ya London inapotangaza kuwa imeuza kitabu chembamba cha mashairi ya Vita Kuu ya Kwanza kwa pesa za kununulia kiwanja, watu hushangaa kwa namna ileile. Mashairi yenyewe yapo bure kwenye intaneti, sasa mnunuzi analipia nini? Kitabu cha babu cha mwaka 1948 kilichokaa sandukuni miaka yote, hicho nacho si cha zamani? Na inakuwaje nakala mbili zenye jina moja, mshairi mmoja na mchapishaji mmoja, moja iuzwe kwa bei ya chakula cha mchana na nyingine ifungiwe kwenye kabati la vioo?

Ni maswali ya haki, na yana majibu. Utata mwingi unatokana na maneno mawili ambayo tumezoea kuyatumia kana kwamba ni kitu kimoja: toleo na chapa.

Toleo ni maandishi jinsi yalivyopangwa kwa ajili ya matbaa: herufi hizi, mistari hii, kurasa hizi kwa utaratibu huu. Chapa ni kila safari mashine inapowashwa kutoa nakala za mpango huohuo. Toleo moja laweza kupigwa chapa mara kumi au ishirini, na nakala zote hizo zikawa halali kuitwa za toleo la kwanza. Chukua mfano wa kanga. Mwenye mchoro mpya na jina jipya huingiza mzigo wa kwanza madukani. Zikiisha, huagiza mzigo mwingine wa mchoro uleule na jina lilelile. Hiyo ni chapa ya pili. Akibadilisha pindo au akirekebisha jina, hapo ametoa toleo jingine. Anayekusanya kanga za kale hutafuta ile ya mzigo wa kwanza, naye huitambua kwa kitambaa, kwa rangi na kwa alama ndogo ya pembeni ambayo mpita njia hata haioni.

Wakusanyaji wa vitabu wakisema “toleo la kwanza” humaanisha toleo la kwanza, chapa ya kwanza. Wauzaji wengi wa mtandaoni wakisema hivyo humaanisha toleo la kwanza, chapa yoyote ile. Pesa nyingi za wanunuzi wageni hupotelea katika pengo hilo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Rupert Brooke. Alikuwa ofisa kijana wa jeshi la majini la Uingereza aliyefariki tarehe 23 Aprili 1915 ndani ya meli ya hospitali karibu na kisiwa cha Skyros, Ugiriki, alipokuwa safarini kuelekea vitani Gallipoli, Uturuki. Hakuuawa kwa risasi. Aliumwa na mbu, damu ikaingia sumu. Mwezi uliofuata, kampuni ya Sidgwick & Jackson ya London ikatoa kitabu chake, 1914 & Other Poems. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000. Uingereza ilikuwa msibani, familia zilitaka maneno ya kushikilia, na nakala hizo ziliisha upesi sana. Mashine ikawashwa tena na tena, hata kufikia Juni 1918 kitabu kilikuwa kimefika chapa ya 24.

Sasa weka nakala ya Mei 1915 kando ya nakala ya miaka miwili baadaye. Zote zina jalada la kitambaa cha buluu iliyoiva, zote zina lebo ya karatasi mgongoni, zote zinafunguka kwa picha ya mshairi mwenye nywele ndefu, shingo wazi. Ukiwa umesimama hatua tatu tu huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko ndani, nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, ambako nakala za baadaye zinajitaja zenyewe: chapa ya pili mwezi fulani, ya tatu mwezi fulani, na kuendelea. Nakala za mwishomwishoni ziko tele katika maduka ya vitabu vikuukuu ya Uingereza, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Zile 1,000 za mwanzo ndizo zinazogombewa.

Hapa tunakutana na dhana potofu iliyoenea kuliko zote. Mtu anafungua kitabu, anakuta kimeandikwa kuwa kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1915, anaruka kwa furaha. Maneno hayo yanaeleza kitabu kilizaliwa lini. Hayasemi nakala uliyoishika ilichapwa lini. Hata vitabu vyetu vya Kiswahili vina orodha hiyo, “kimechapwa mara ya kwanza” ikifuatiwa na miaka mingine chini yake. Kanuni ya kuanzia ni kusoma tarehe ya mwisho kwenye orodha. Ile ya kwanza ni ya historia.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni kudhani kuwa shairi hutoka kwa mara ya kwanza ndani ya kitabu. Kwa mashairi ya vita ni nadra kuwa hivyo. Soneti tano za Brooke (mashairi mafupi ya mistari kumi na minne) zilizomfanya ajulikane zilitangulia kuchapwa katika New Numbers, jarida dogo ambalo yeye na wenzake watatu walilitoa wenyewe. Namba ya jarida yenye soneti hizo ina tarehe ya Desemba 1914. Sikukuu ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1915, mkuu wa Kanisa Kuu la St Paul’s jijini London alisoma moja ya soneti hizo mimbarini, wakati kitabu hakijakuwapo na mshairi mwenyewe yu hai bado. Kwa hiyo yako mambo mawili ya kutafutwa: mahali shairi lilipochapwa mara ya kwanza, na kitabu cha kwanza kilicholibeba. Mkusanyaji makini huyaweka mbalimbali, na mara nyingi jarida la kurasa chache ndilo gumu zaidi kulipata, kwa sababu majarida husomwa kisha hutupwa.

Tuje kwa Wilfred Owen, ambaye kwangu mimi ndiye kiini cha somo hili lote. Mwaka 1917 alilazwa katika hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart, Edinburgh, akiwa amevunjika nguvu za akili kwa yale aliyoyaona mahandakini Ufaransa. Hapo alikuwa mhariri wa The Hydra, jarida la wagonjwa. Hapo pia alikutana na Siegfried Sassoon, mshairi aliyekwisha kujulikana, ambaye alikuwa amepelekwa hospitali baada ya kutangaza hadharani kuwa vita vinarefushwa makusudi na wale wenye uwezo wa kuvimaliza. Sassoon alisoma rasimu za Owen kwa penseli mkononi. Ziko karatasi katika Maktaba ya Uingereza ambazo hadi leo zinaonyesha mwandiko wa mmoja juu ya mwandiko wa mwenzake, neno limekatwa, neno limewekwa.

Owen alirudi vitani na akauawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mfereji wa Sambre na Oise, karibu na kijiji cha Ors, akiwa na umri wa miaka 25. Simu ya maandishi yenye habari za kifo ilimfikia mama yake huko Shrewsbury tarehe 11 Novemba, kengele za kusherehekea mwisho wa vita zikiwa zinalia. Mashairi yake yaliyokuwa yamechapwa hadi siku hiyo yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hakuwahi kushika kitabu chenye jina lake.

Mwaka 1919 mshairi Edith Sitwell aliingiza mashairi saba ya Owen katika mkusanyo uitwao Wheels. Desemba 1920 kampuni ya Chatto & Windus ikatoa kitabu chenyewe, Poems, chenye mashairi 23 na utangulizi wa Sassoon. Ni kitabu chembamba cha kitambaa chekundu, lebo ya karatasi mgongoni, na mwanzoni picha ya kijana aliyevaa sare. Chapa ya kwanza haikufika nakala 1,000. Kilichapwa tena kidogo mwaka 1921, kisha kikatulia. Wengi walikuwa wamechoka kusikia habari za vita, na jina la Owen halikuwa na maana kwao.

Umaarufu wake ulikuja polepole. Edmund Blunden, ambaye naye alikuwa mshairi aliyetoka mahandakini, alitoa toleo pana zaidi mwaka 1931 lenye mashairi mengi zaidi na maelezo ya maisha ya Owen. Mwaka 1962 mtunzi wa muziki Benjamin Britten aliyatumia mashairi hayo katika War Requiem, iliyopigwa kwa mara ya kwanza kwenye kanisa kuu jipya la Coventry. Kuanzia miaka hiyo Owen akawa anasomwa shuleni kote Uingereza. Wasomaji walipoanza kukitafuta kile kitabu chekundu cha 1920, hazikuwapo nakala za kutosha. Zilikuwa chache tangu mwanzo, na zilikaa miaka arobaini mikononi mwa watu wasiokuwa na sababu ya kuzitunza.

Hapo siri ya bei inajifunua. Brooke alipendwa papo hapo, ndiyo maana nakala zake ziko nyingi. Owen alipendwa baadaye, ndiyo maana zake ni chache. Umaarufu wa mshairi peke yake hauamui kitu. Kinachoamua ni umbali kati ya siku kitabu kilipochapwa na siku watu walipozinduka.

Na lile swali la mnunuzi analipia nini, ilhali mashairi ni ya bure? Hapa jibu langu ni zito kuliko wengi wanavyotarajia. Owen aliacha rasimu, wala hakuacha kitabu kilichokamilika. Mstari mmoja unaweza kuwa na maneno matatu yaliyoandikwa kwa kupokezana bila lolote kukatwa. Waliohariri toleo la 1920 walichagua, Blunden akachagua kwa jicho lake, na wahariri waliofuata, C. Day Lewis mwaka 1963 na Jon Stallworthy mwaka 1983, walizirudia karatasi zilezile na kuamua upya. Ukisoma shairi la Owen leo unasoma pia uamuzi wa mhariri fulani. Toleo la 1920 linakuonyesha kile hasa ambacho mjane au askari aliyerudi na mguu mmoja alikisoma miaka miwili baada ya vita: mashairi gani yalikuwapo, yapi yaliachwa, na lipi lilitangulia lipi. Skani ya intaneti itakupa sehemu kubwa ya hayo, nami sioni aibu kumwambia msomaji asiye na pesa kuwa skani inamtosha. Tangu mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Oxford kimeweka wazi mtandaoni hifadhi kubwa ya mashairi ya vita hivyo, pamoja na rasimu na kurasa za The Hydra, na mtu aliyeko Tabora au Mombasa anaweza kuzifungua kwa simu. Lakini uzito wa karatasi, wembamba wa kitabu na uchache wa kurasa hueleza jambo ambalo kioo cha simu hakiwezi kulieleza, kwamba hiki ndicho chote kilichookolewa kutoka kwa kijana yule.

Baada ya uchache huja hali ya kitabu, na hapa ndipo nakala mbili za chapa moja zinapoachana kabisa kwa bei. Kitabu cha Sassoon, Counter-Attack, kilitolewa na Heinemann mwezi Juni 1918 kikiwa na jalada laini la karatasi. Kilisomwa na watu waliokuwa vitani na waliokuwa na ndugu vitani, kikakunjwa, kikatiwa mfukoni, kikaazimwa. Jalada la namna hiyo huchanika mgongoni upesi, kwa hiyo nakala iliyo nzima ni ya nadra. Vitabu vya jalada gumu navyo mara nyingi vilifunikwa kwa karatasi isiyogandishwa, ya kukinga vumbi tu, na wenye vitabu waliitupa wakishafika nyumbani. Karatasi hiyo leo inaweza kuwa na thamani kuliko kitabu inachokifunika.

Vita Kuu ya Pili ilileta tatizo lake. Uingereza iliweka mgawo wa karatasi, na mwaka 1942 wachapishaji wakakubaliana kanuni za kubana matumizi: karatasi nyembamba, pambizo finyu, herufi ndogo. Vitabu vingi vya miaka hiyo vina alama ya simba aliyekalia kitabu, kuonyesha kuwa kimefuata kanuni hizo. Alun Lewis alitoa Raiders’ Dawn mwaka huohuo wa 1942. Miaka miwili baadaye alikufa Burma, mahali ambapo askari wengi kutoka Afrika Mashariki nao walipigana katika vita hivyo. Keith Douglas, aliyepigana jangwani Afrika ya Kaskazini ndani ya kifaru, aliuawa Normandy tarehe 9 Juni 1944. Karatasi za vitabu vya wakati huo zimekuwa kahawia na zinavunjika ukizikunja. Usimlaumu mwenye nacho, ni vita vyenyewe vilivyobaki ndani ya karatasi.

Yapo mambo watu huyafanya kwa nia njema na kuharibu. La kwanza ni kupeleka kitabu kikuukuu kwa fundi akivue jalada lake na kukivisha jipya la ngozi lenye maandishi ya dhahabu. Kinapendeza rafuni, ndiyo, lakini mkusanyaji anataka kile kitambaa chekundu kilichofifia na ile lebo iliyomeguka, kwa sababu ndivyo kilivyotoka matbaani. La pili ni gundi ya utepe. Ukurasa uliochanika huachwa ulivyochanika. Utepe utakausha karatasi na kuacha doa lisilotoka. La tatu ni kufuta majina ya wenye kitabu wa zamani. Jina la askari wa kawaida, kikosi chake na tarehe ya 1916 kwenye ukurasa wa mbele halipunguzi kitu, na kwa wanunuzi wengine huongeza.

Kuna kisa kinachoonyesha jinsi kurasa chache tu zinavyoweza kugawa nakala za kitabu kimoja. Mwaka 1929 Robert Graves, rafiki wa Sassoon tangu mahandakini, alitoa kumbukumbu zake, Good-bye to All That, kupitia kampuni ya Jonathan Cape. Ndani yake, kurasa za 341 hadi 343, aliingiza shairi ambalo Sassoon alikuwa amemwandikia kama barua wakati wa vita. Hakuomba ruhusa. Sassoon alighadhibika, mchapishaji akalazimika kuliondoa shairi, na nakala zilizofuata zina nyota tupu mahali maneno yalipokuwa. Nakala chache zilikuwa zimekwisha kutoka zikiwa na shairi kamili. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kitabu hicho cha 1929, jalada halikuambii lolote. Unafungua ukurasa wa 341 na kutazama kama kuna maneno au nyota. Alama ya namna hii, iwe shairi lililoondolewa, kosa la herufi au rangi ya lebo, ndiyo inayowafanya wauza vitabu wa kale wakae na orodha ndefu mezani. Hawabahatishi.

Kitabu hichohicho kinatupa mfano bora wa nakala yenye thamani ya aina nyingine. Blunden na Sassoon walichukua nakala moja na kuijaza pambizo kwa maneno ya hasira, wakimsahihisha Graves ukurasa kwa ukurasa. Nakala hiyo leo iko katika Maktaba ya Umma ya New York. Kama ingekuwa ya chapa ya tano isingejalisha. Thamani yake ni mikono iliyoigusa. Ndiyo sababu pia Chuo Kikuu cha Cambridge kilikusanya pauni milioni 1.25 mwaka 2009 kununua karatasi za Sassoon: shajara, barua na madaftari aliyoyabeba vitani.

Uchache nao una aina zake. Isaac Rosenberg, mtoto wa wahamiaji maskini wa Kiyahudi wa mashariki ya London, hakuwa na mchapishaji. Alijichapishia vijitabu vyake. Cha kwanza, Night and Day cha mwaka 1912, kilikuwa cha nakala kama 50 tu. Alikwenda vitani akiwa askari wa cheo cha chini kabisa na kuuawa tarehe 1 Aprili 1918. Nchini Ufaransa, chini ya utawala wa Wajerumani, uchache ulitokana na hatari: Éditions de Minuit, kampuni ya siri ya Paris, ilitoa mkusanyo wa mashairi uitwao L’Honneur des poètes tarehe 14 Julai 1943, washairi wote wakitumia majina ya bandia, na kukamatwa nao kungeweza kugharimu maisha. Nakala ya namna hiyo ilikuwa ushahidi wa kosa la jinai kabla haijawa kitu cha kukusanywa, na kwa maoni yangu hakuna kitabu cha mashairi kinachostahili heshima zaidi.

Palipo na pesa pana udanganyifu. Mdanganyifu mkubwa kuliko wote katika uwanja huu, Thomas J. Wise, alikuwa yeye mwenyewe mkusanyaji aliyeheshimiwa London. Alichapisha vijitabu vya washairi wa karne ya 19 na kuvipa tarehe za nyuma, ili vionekane vimetangulia matoleo yanayojulikana. Mwaka 1934 John Carter na Graham Pollard, wauza vitabu vijana, walimfichua kwa kupima karatasi: kijitabu chenye tarehe ya 1847 kilikuwa na malighafi ambayo viwanda vya karatasi vya Uingereza vilianza kuitumia miaka mingi baadaye. Hakuwagusa washairi wa vita, lakini somo lake linatumika hadi leo. Karatasi haina sababu ya kusema uongo.

Na sisi je? Hapa ningependa tukae kidogo, maana Waswahili hawakungoja Vita Kuu ya Kwanza ndipo watunge. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alikuwa ulimi wa mji wake ulipopambana na Seyyid Said wa Oman. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitamalaki Mrima na upinzani wa Bushiri wa 1888 na 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Maji Maji. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939 hadi 1945, na katika miaka ileile gazeti la Mambo Leo la Tanganyika lilikuwa likipokea mashairi ya wasomaji.

Toleo la kwanza la kila mmoja wao liko wapi? Mashairi ya Muyaka yalikusanywa na mmisionari William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye bila kumbukumbu yake mengi yangepotea. Yakahaririwa na William Hichens na kuchapwa Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mshairi kufa. Utenzi wa Maji Maji ulichapwa mwaka 1933 ndani ya jarida la kitaaluma la Berlin, mji mkuu wa dola ileile iliyopigwa vita na watu wanaosimuliwa humo. Ulirudi Afrika Mashariki mwaka 1957 ukiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili, na tafsiri ya W. H. Whiteley. Utenzi wa Hemedi ulitoka kwa njia hiyohiyo mwaka 1955 kwa kazi ya J. W. T. Allen, kisha kama kitabu cha East African Literature Bureau mwaka 1960. Shaaban Robert alifariki 1962. Utenzi wake ulitolewa na Oxford University Press ya Nairobi mwaka 1967. Yeye pia, kama Owen, hakukiona kitabu hicho.

Vijitabu hivyo vya 1955 na 1957 ni vitu dhaifu, na sijui ni nyumba ngapi za Tanga au Lindi zinajua kuwa kile kilicho chini ya rundo la magazeti ni toleo la kwanza la utenzi wa vita vya kwao. Lakini lazima niseme wazi kuwa kipimo cha toleo la kwanza hakitoshi kwetu. Kiliundwa kwa ajili ya mashairi yaliyozaliwa matbaani. Tenzi zetu ziliishi kwa kughaniwa na kwa miswada ya herufi za Kiarabu iliyonakiliwa kwa mkono, kila mnakili akiacha alama yake. Ukiwa na mswada wa namna hiyo nyumbani, hata kama umeliwa pembeni na mchwa, kwa utafiti una thamani kuliko chapa yoyote ya kwanza, kwa sababu huenda ndio peke yake wenye beti fulani.

Kwa hiyo ukifungua sanduku la babu leo, fanya hivi. Mikono iwe mikavu. Tazama kwanza kama ni mswada au kitabu kilichochapwa. Ikiwa ni kitabu, soma ukurasa ulio nyuma ya jina, hadi tarehe ya mwisho. Piga picha jalada, mgongo, ukurasa wa jina, ukurasa wa nyuma yake, na maandishi yoyote ya mkono. Mnunuzi wa kweli atakuomba hizo tano kabla ya kutaja bei, na anayetaja bei bila kuziomba mwogope. Kiweke mahali pakavu penye hewa, mbali na ukuta unaotoa unyevu, kimelazwa kama jalada limelegea. Usitumie dawa ya wadudu ya kupuliza juu ya karatasi.

Ikiwa ni mswada, usiuze kitu kabla haujapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, hata ile iliyofifia, na picha hizo kubaki kwa familia. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili ambao Allen aliuorodhesha mwaka 1970, na SOAS, chuo cha London cha taaluma za Asia na Afrika, imehifadhi miswada mingi pamoja na karatasi za Taylor na Hichens. Wahifadhi wa sehemu hizo wanaweza kukuambia kama utenzi wako unajulikana, na kama kuna nakala nyingine ya kuulinganisha nayo.